Mwaka wa Kumbeba Bibi

Udongo wa paa ukilowa una harufu yake, na si ile ya shamba lililopata mvua ya kwanza ambayo kila mtu huisifu. Ni harufu nzito ya moshi wa miaka mingi, mavi ya mbuzi na nyasi zilizooza, na ikikuingia puani ukiwa mtoto haitoki tena. Nyumba yetu ilikuwa ya tembe, chini ya mteremko wa Sekenke, upande unaotazama mbuga ya Wembere: kuta za udongo, boriti za miti, na juu yake paa bapa la udongo ulioshindiliwa. Kwa nchi kavu kama yetu, hiyo ni nyumba nzuri. Jua likiwaka ndani kuna ubaridi, na upepo wa Singida, ambao hauna adabu, hauwezi kuiezua. Adui yake ni mvua isiyokoma, na mwaka ule, nikiwa darasa la nne, mvua ilisahau njia ya kwenda kwao.

Kwetu paa likivuja dawa yake inajulikana. Unapanda juu na karai la udongo wa kichuguu, unamwaga panapovuja, unashindilia kwa miguu. Babu alifanya hivyo, na baba naye. Kila mvua ilipopumzika tulimsikia akitembea juu ya vichwa vyetu huku akisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Pakikauka kidogo alijisifu mpaka tukachoka kumsikiliza. Mama ndiye aliyeona kwamba kila karai lililopanda halikushuka. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chetu kilikuwa kinajaa juu ya vitanda. Boriti ya katikati ilianza kupinda. “Baba Naomi,” alimwambia, “mvua inatuongezea mzigo, na wewe unatuongezea mwingine.” Baba alimwuliza tangu lini mwanamke akajua mambo ya paa, akachukua karai lake akatoka.

Aliyemnyima mama usingizi alikuwa bibi, mama mzazi wa baba, ambaye nyonga yake ilivunjika akitoka kuteka maji na hakusimama tena. “Sisi tutakimbia,” mama alisema. “Mama atakimbia na nini?” Basi akaanza kutufundisha kutoka. Mawingu yakijikusanya juu ya Wembere, alipiga kelele moja tu, na kila mtu alijua mzigo wake. Mimi nilibeba mablanketi na kibuyu cha mbegu ya uwele. Wadogo zangu sufuria na mbuzi wale wabishi. Bibi alitoka kwanza, amelala kwenye kitanda chake cha kamba kilichobebwa na baba na mama mbele, Baba Yohana jirani yetu na mkewe nyuma, mpaka kanisani mlimani, kwenye paa la bati. Mvua ikipita, tulirudi. Kesho yake tena.

Sijui kama nitaweza kueleza uchovu ule. Si uchovu wa jembe, ambao ukilala unaisha. Ni uchovu wa kufunga na kufungua, kupanda kwenye tope na kushuka kwenye tope, halafu kukuta nyumba imesimama palepale kama inakucheka. Wanakijiji walimwita mama Msafiri. Walimwuliza kama leo anakwenda Tabora au Dodoma. Baba aliona aibu, akawa anabeba huku amenuna. Mimi nilimchukia mama kidogo, nasema kweli. Na bibi ndiye aliyechoka kuliko wote. “Mnanibeba kama maiti kila siku,” alilalamika kwa Kinyiramba. “Niacheni, nife mara moja.” Mama alimjibu kwa upole, “Sawa mama, lakini utafia kanisani,” akashika kitanda.

Siku yenyewe haikuwa na mawingu ya kutisha. Mvua ilikuwa imekatika tangu asubuhi, jua limetoka, na baba alikuwa juu na karai lake. Mama alikuwa ameketi mlangoni, amechoka hata kuchambua mboga. Bibi akaita kutoka ndani, “Mama Naomi, uji wangu umeingia vumbi.” Nilidhani ni malalamiko yake ya kawaida. Mama akasimama. Paa lilikuwa limelowa chapachapa. Vumbi kavu lingetoka wapi, kama si kwenye maungio ya boriti yanayoachana? “Shuka!” alimpigia baba kelele. “Shuka, tunamtoa mama!” Baba Yohana na mkewe walikuja mbio kutoka kwao, na hakuna aliyeuliza ashike wapi. Safari hii bibi hakulalamika. Alishika ukingo wa kitanda kwa mikono yote miwili.

Tulikuwa bado hatujafika kwenye ua wa miiba nyumba ilipokaa chini, taratibu, kama mzee anayetafuta kigoda. Vumbi lilitufunika sote. Baba alitua upande wake wa kitanda, akalia mbele ya watoto wake. “Ningemzika mama yangu akiwa hai,” alisema. Hakuna aliyemcheka mama tena, na yeye hakudai sifa. Aliomba maji ya kunywa, akalala chini palepale.

Sasa naishi Singida mjini, bondeni, nyumba ya tofali na bati. Mama yuko nami. Kiharusi kimechukua miguu yake. Siku hizi tahadhari ya mvua kubwa inaingia kwenye simu kabla wingu halijaonekana. Begi limefungwa karibu na mlango: vyeti, dawa zake, tochi, maji. Nilijiona nimejiandaa, mpaka wiki iliyopita nilipojaribu kumnyanyua peke yangu nikashindwa kufika sebuleni. Wadogo zangu wako Mwanza na Dar es Salaam. Nikatoka, nikagonga geti la jirani, ambaye ukuta wake unagusana na wangu, nikamwomba maji yakija aje tusaidiane kumbeba mama. Ni kijana mwenye heshima. Aliniamkia shikamoo, akakubali mara moja. Kisha akaniangalia kwa mshangao.

“Samahani, mama,” alisema. “Kumbe humo ndani kuna bibi?”