Chura wa Alama za Nyota

Kompyuta yangu ikipata moto, vumbi lake linanuka kama darasa letu kule Bunia. Mgeni alikuwa ameleta mashine ndogo ya kompyuta, akaiunganisha na televisheni kwa alasiri moja tu. Mchezo wetu, mimi na mdogo wangu, nilikuwa nimeuandika kwenye karatasi, nikaukagua hadi karatasi ikatoboka: chura aliyechorwa kwa alama za nyota (*), anayeruka. Niliuingiza wote. Kioo kikaandika "erreur", yaani kosa.

"Ee profesa, mashini imekupiga!" wenzangu walicheka.

Nililiona kosa: herufi O mahali pa sifuri. Nikalisahihisha. Kabla sijabonyeza kitufe cha kuuanzisha, jenereta ikazimika.

"Mazutu imeisha," mwalimu alisema, akitikisa dumu tupu la dizeli.

Mdogo wangu alibaki akitazama kioo cheusi. "Yaya," aliniita mimi mkubwa wake, "chura ingeruka upande gani?"

"Hakuna chura," nilimjibu.