Bia ya Dakika Saba

Watu wanamwita kinyozi huyu Dakika Saba, na jina hilo alijipa mwenyewe. Alilipaka kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa saluni yake: KICHWA DAKIKA SABA. Ukikaa kwenye kiti chake, kabla hujamaliza kueleza mtindo unaoutaka, nusu ya nywele zako ziko sakafuni. Wateja wanatoka na visogo vilivyopanda upande mmoja na kushuka upande mwingine, lakini wanatoka mapema, naye anaamini hicho ndicho walichokifuata.

Mtu wa namna hii ndiye aliyeamua kutengeneza bia nyumbani.

Kati ya kazi zote za mikono alichagua ile ambayo sehemu yake kubwa ni kukaa bila kufanya kitu. Kuchemsha kimea na kukichuja ni shughuli ya siku moja. Kuchachuka ndani ya ndoo ni wiki mbili. Kisha bia inatiwa kwenye chupa pamoja na sukari kidogo, inapigwa kizibo na kuwekwa gizani siku ishirini na moja, ili hamira iliyobaki ile sukari na kutoa gesi. Bila gesi hiyo una maji machungu yanayonuka mkate. Yote haya alielezwa na dada yake mkubwa, mwokaji mikate, ambaye anaijua hamira vizuri na mdogo wake vizuri zaidi.

Alikuwa ameshaharibu mara mbili. Mara ya kwanza hakungoja ndoo itulie. Alijaza chupa siku ya nne, na baada ya juma moja zikaanza kupasuka, povu likaruka mpaka darini na kuacha doa la kahawia. Mara ya pili aliingoja ndoo, akajaza chupa, akajikaza mpaka siku ya tisa, akaonja, akatangaza kwamba bia imekufa, akaimwaga yote kwenye mtaro. Dada alikuwa amechukua chupa moja na kuisahau nyuma ya gunia la unga. Wiki tatu baadaye aliifungua, akammiminia mdogo wake glasi, akamtazama akiinywa mpaka tone la mwisho. Ilikuwa bia nzuri sana. Dada akachukua glasi yake akaenda zake.

Uharibifu huo wote ulifanyika katika chumba cha nyuma, na chumba hicho mke wake alikitaka. Mke ni fundi cherehani. Kwa miaka sita ameshona chumbani kwao, katikati ya kitanda na kabati, nguo za watu zikiwa zimetandazwa kitandani, na mara mbili mumewe amelalia pini. Chumba cha nyuma kina dirisha pana na mwanga mzuri. Kilikuwa na ndoo mbili na doa darini.

"Sikiliza, baba," mke alimwambia siku ya kujaza chupa kwa mara ya tatu. "Chupa ishirini na nne, siku ishirini na moja. Siku hiyo zikiwepo kumi na mbili tu ambazo ni bia ya kunyweka, chumba ni chako, sitakitaja tena mpaka nife. Zikipungua kumi na mbili, naingiza cherehani."

"Kumi na mbili tu? Mbona umenionea huruma?"

"Nakujua."

Alicheka. Siku ya pili akafungua chupa moja, aone inaendeleaje. Ilikuwa tamu, bila gesi. Siku ya tatu akafungua nyingine, kwa sababu ile ya jana huenda ilikuwa mbovu. Siku ya nne akafungua ya tatu, na safari hii hakujisumbua kutafuta sababu.

Siku ya tano akapata wazo. Dada aliwahi kumwambia kwamba hamira hupenda joto, ndiyo maana unga huumuka upesi karibu na tanuri. Kule saluni alikuwa na kabati dogo la umeme la kupashia taulo za kuwapangusia wateja nyuso. Mtu mwingine angeuliza joto kiasi gani. Yeye alipakia chupa kumi kwenye kreti, akaenda nazo kazini, akazipanga ndani ya kabati na kulifunga.

Saa nne hivi alikuwa anamnyoa ndevu karani wa posta. Wembe ulikuwa umefika shavuni pale kabati lilipotoa mlio uliowafanya wapita njia wasimame.

"Nini hicho?" karani aliuliza bila kuthubutu kutikisa kidevu.

"Taulo."

"Taulo zinalipuka?"

"Tulia, mzee. Zimebaki dakika tatu."

Ikalipuka ya pili, kisha ya tatu. Mlango wa kabati ukafunguka wenyewe, na povu la moto likatiririka sakafuni likibeba nywele za wateja watano. Karani aliondoka na ndevu za upande mmoja. Kinyozi alimwita arudi amalizie, na kusema kweli alishangaa alipoona harudi.

Chupa saba zilizonusurika alizirudisha nyumbani. Dada alikuwapo, amemletea wifi yake mikate. Akaishika chupa moja, akaipeleka shavuni.

"Hii umeichemsha."

"Nimeipasha moto kidogo."

"Mkate ukishatoka tanurini, unaumuka tena?"

"Hapana."

"Basi."

Mke aliziweka zile saba pembeni, akahesabu zilizobaki rafuni. Zilikuwa kumi na moja. Akafunga mlango, akatia ufunguo kwenye utepe wake wa kupimia, na utepe huvaliwa shingoni.

Zilizofuata ni siku kumi na sita ambazo kinyozi, mpaka leo, huzisimulia kwa jina la subira. Kila asubuhi aliuomba ufunguo: mara akafagie, mara akaangalie dirisha, mara alisikia panya. Jioni aliinama kwenye tundu la kitasa na kuchungulia giza. Alimtembelea dada yake kwenye tanuri kila alipopata nafasi, amuulize kama siku ishirini na moja ni lazima zihesabiwe zote, maana kuna siku ndefu na siku fupi. Dada alimpa unga aukande, naye akauacha kabla haujalainika.

Kule saluni alikuwa anawaza mno hata mkono wake ukapungua kasi. Vichwa vikaanza kuchukua dakika kumi na moja, kumi na mbili. Mteja mmoja alijitazama kwenye kioo, akageuka huku na huku, akasema, "Leo umeninyoa vizuri." Kinyozi alinuna mchana kutwa.

Siku ya ishirini na moja, baada ya chakula cha mchana, mke aliufungua mlango, dada naye akiwepo. Zile kumi na moja zilifunguliwa vizibo na kuonjwa moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa bia: rangi ya asali, povu la kusimama, uchungu wa kiasi chake. Hata mke alirudia glasi.

"Kumi na moja," akasema.

"Zile saba je?" kinyozi akasema. "Moja tu. Moja tu ikiwa bia, tumefika."

Akafungua ya kwanza, hakuna mlio. Ya pili, kimya. Alifungua sita kwa mwendo wa kunyoa kichwa, na zote zilikuwa chai baridi. Aliposhika ya saba dada akamnyang'anya. Hiyo ndiyo iliyokaa karibu kabisa na mlango wa kabati, ambako joto lilikuwa hafifu. Akaiinamisha dirishani. Kutoka kwenye mashapo vikapanda viputo viwili, vitatu, vidogo kama vichwa vya pini.

"Haijafa," dada akasema. "Imezimia, sasa inaamka. Iacheni wiki mbili, itakuwa bia. Wifi, mpe wiki mbili."

Mke aliitazama chupa, kisha mumewe. "Nampa mwezi," akasema. "Na ufunguo abaki nao mwenyewe."

Akauvua utepe shingoni, akaufungua ufunguo na kumwekea mumewe kiganjani. Kisha akaenda dirishani na utepe ule, akaanza kupima upana wa dirisha, bila haraka, akiandika kwenye karatasi.

Dada alimrudishia chupa. "Mdogo wangu, safari hii huna wa kumlaumu. Iweke rafuni, funga mlango, nenda kazini."

"Naiweka."

"Iweke sasa."

"Si naiweka? Nataka tu kujua kama kweli inaamka."

"Nimeshakwambia inaamka."

"Wewe umesema. Mimi sijaona."

Mke alikuwa bado anaandika kipimo cha pili aliposikia kizibo kikianguka sakafuni. Ilitoka gesi kidogo sana, kama mtu anayepumua usingizini. Kinyozi akaonja, akaramba midomo, akafikiri.

"Bado," akasema. "Ilitaka kama wiki mbili hivi."

Dada alikuwa ameshatoka kwenda chumba chao cha kulala. "Wifi," aliita kutoka huko, "cherehani naanza kuivuta. Njoo ushike upande wa pili."