Vigingi vya Treni ya Umeme

Wapimaji walikuja kwetu Navakholo wakati kila mtu alikuwa anaacha mahindi apande miwa. Walivuta mnyororo wao wa kupimia kukatiza shamba letu, wakapigilia vigingi vyenye vichwa vyekundu, kimoja mbele kabisa ya mlango wa mama. Treni ya umeme, walisema, itabeba wafanyakazi asubuhi kutoka Kakamega hadi Mumias na kuwarudisha jioni. Kwa hiyo hapo petu pasijengwe kitu. Umeme! Na sisi tulikuwa tunasomea koroboi.

Baba aliamini. Yeye aliamini neno lolote la mtu aliyevaa viatu shambani. Miwa ilipoanza kulipa, majirani waliezeka mabati, lakini nyumba yetu ilibaki na nyasi zilizooza, maana baba alikataa hata kuziba tundu. Mama alitaka kitu kimoja tu, kulala pakavu. Wanawake wa kisimani walimtania, "Mama Stesheni, treni inafika saa ngapi?" Alicheka nao, kisha akarudi kupanga sufuria chini ya matone.

"Baba watoto, wewe unangojanga treni, na mimi nanyeshewa ndani ya nyumba kama ingokho, kuku asiye na banda," alimwambia.

"Vumilia. Haitakawia."

Mvua za masika zilipofika, kifua kilimbana mama. Tulihamisha kitanda kona hii na kona ile, na kila kona ilivuja. Alikufa blanketi likiwa limelowa.

Kwetu mama mwenye boma huzikwa mbele ya nyumba yake. Kigingi kilikuwa papo hapo. Wazee walisema king'olewe. Baba alilia kwa sauti, akasema hawezi kumlaza mkewe mahali ambapo treni itampita juu. Basi wakamzika kule chini, ukingoni mwa miwa. Mimi binti ningesema nini mbele ya wazee? Hasira ile ninayo hadi leo.

Treni haikuja. Vigingi vililiwa na mchwa. Miwa ilipokatwa, matrekta yalitafuta pa kutokea, na penye udongo mgumu palikuwa kule chini tu. Baba alikimbia akasimama mbele yao, mikono ameitandaza. Dereva hakuwa mtu mbaya. Alishuka, akavua kofia, akatuonyesha matope kushoto na kulia, na matrela mengine yaliyokuwa yakingoja nyuma yake. Baba akateremsha mikono, akasogea kando.

Yakampita juu mama, moja baada ya jingine.