Damu Yangu Ilisema Mbili

Nilipoolewa Kegonga nikitoka Kosele, mimi na mume wangu hatukuwa na lugha ya pamoja ila Kiswahili. Yeye Mkuria, mimi Mjaluo, tulikutana sokoni Migori, mimi nikiuza samaki wakavu na yeye wimbi. Mama yake alikuwa amejifunza Kiswahili kwa kuvuka mpaka kwenda kuuza ndizi Tanganyika. Kilikuwa Kiswahili kisichojali ngeli, lakini hakuna mtu aliyewahi kushindwa kumwelewa.

Mama mkwe huyo alikuwa na rovu, uvimbe mkubwa wa shingo, tangu usichana wake. Kule milimani halikuwa jambo la kushangaza, wanawake wengi walikuwa nalo. Yeye alilizungushia shanga, akatembea kifua mbele. Shingo yangu ilikuwa nyembamba, laini, haina kitu. Ndiyo maana nilipoanza kuugua hakuna aliyefikiria shingo.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa ameanza kutembea. Nilianza kusikia baridi. Wenzangu walikuwa wakivuna mahindi jua likiwachoma mgongo, na mimi nimejifunga blanketi juu ya gauni. Uso ukavimba, nyusi zikapukutika kutoka pembeni, nywele zikabaki kwenye kitana. Sauti yangu ikawa nzito, na siku moja shemeji yangu, akiwa nyuma ya nyumba, alinijibu akidhani ni ndugu yake anayemwita. Nilisahau chumvi kwenye mboga, nikikumbushwa naitia mara mbili. Kanisani nililala kabla ya mahubiri kuanza. Hedhi ilivurugika. Nikiinua jembe, mkono ulishuka taratibu kama wa mtu anayefanya kazi ndani ya maji.

Majirani wakasema mume wangu ameoa mvivu kutoka ziwani. Wengine wakasema nimefungwa kwa uchawi. Mama mkwe aliwasikia, akaenda nyumba kwa nyumba.

"Huyu mtoto nimeishi na yeye," aliwaambia. "Mwaka ule alikuja, alilima kushinda kijana yangu. Mtu hawezi kuamka siku moja akakuwa mvivu. Hii ni ugonjwa. Tena mimi nitampeleka hospitali."

Mume wangu alibaki na ng'ombe na shamba. Mama mkwe akambeba mtoto mgongoni, tukapanda basi. Tulifikia nyumbani kwa mama yangu Kosele, kwa sababu kutoka pale hospitali ya misheni ya upande wa ziwa haikuwa mbali. Kwa desturi za kwetu wazazi wa pande mbili hawazoeani upesi hivyo, na mwanzoni kila mmoja alikula akimpa mwenzake mgongo. Ugonjwa wangu uliwageuza. Kabla ya wiki kwisha walikuwa wakimenya viazi vitamu pamoja, wakizozana kwa Kiswahili kibovu juu ya nani anajua kumbembeleza mjukuu.

Daktari alikuwa kijana wa pwani aliyesomea Uganda. Aliniita "bibi", na kwetu bibi ni mke wa mtu, basi nikamtazama vibaya. Alicheka, tangu hapo akaniita "mama". Alinishika mikono, akasema ni baridi na ngozi imekauka. Aligonga kifundo cha mguu wangu kwa nyundo ndogo ya mpira, akatazama jinsi mguu ulivyoruka halafu ukachelewa kurudi. Akanipapasa shingo.

"Hapa mbele ya koo kuna tezi," aliniambia. "Ndiyo inayoamua mwili uende mbio au polepole. Nafikiri yako imechoka. Lakini sitaki kufikiri tu. Kuna kipimo cha damu, kinafanywa Nairobi."

Aliniuliza kama natumia dawa yoyote. Nikasema hapana, akavuta damu.

Tulisubiri Kosele hadi jibu liliporudi. Siku tuliyoitwa, daktari alikuwa ameketi na karatasi mbele yake, ameshika kidevu. Alinieleza kwamba kipimo cha mtu mzima mwenye afya huwa kati ya nne na nane. Chini ya nne, tezi inafanya kazi kidogo mno. Zaidi ya nane, inazidisha.

"Na mimi?"

"Ishirini na moja."

Sikujua nifurahi au nilie. Mama mkwe akauliza maana yake ni nini. Daktari akasema kwamba kwa karatasi ile, tezi yangu inakimbia kupita kiasi, na kuna dawa ya kuituliza. Alisema hivyo kama mtu anayesoma jina lisilolingana na uso ulio mbele yake.

Nilikuwa mzito wa akili siku zile, maneno yalinifikia kwa kuchelewa. Lakini lile lilinifikia. Nikamuuliza, "Daktari, mtu ambaye tezi yake inakimbia anakuwa namna gani?"

"Anasikia joto. Anatoka jasho. Mikono inatetemeka, moyo unapiga mbio, anakula sana na bado anakonda. Usingizi haupati."

"Basi mtu huyo si mimi," nikasema. "Mimi nasikia baridi nimekaa jikoni. Ukinipa dawa ya kunituliza zaidi, nitasimama kabisa."

Daktari akaigeuza karatasi ikalala kifudifudi.

"Hata mimi sikuamini," akasema. "Mwili wako unasema kitu kimoja na namba inasema kingine. Kimoja kati ya hivyo kinadanganya. Mama, una kidonda popote? Umepaka kitu?"

Nikavua kiatu. Miezi kadhaa nyuma nilikuwa nimejikata kisigino kwa jembe, na kwa kuwa mwili ulikuwa umelegea, kidonda hakikutaka kupona. Zahanati ilinipa chupa ya aidini, ile dawa ya kahawia inayochoma, na kila asubuhi niliipaka. Aliponiuliza juu ya dawa, sikuifikiria. Kwangu dawa ni kitu unachomeza au unachodungwa. Kisigino chote kilikuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa.

Daktari alipokiona aliinuka kitini, akazunguka meza, akachuchumaa mbele ya mguu wangu. Alikuwa anatabasamu.

Alitueleza hivi. Tezi hutumia aidini kutengeneza ile nguvu inayoisambaza mwilini. Nguvu yenyewe ni vigumu kuipima, kwa hiyo wale wa Nairobi wanapima aidini iliyoshikamana na damu. "Ni kama nataka kujua wanawake wangapi wametoka soko la Oyugis," akasema, "lakini siwaoni, naona vikapu peke yake. Nitahesabu vikapu, na kwa kawaida nitapata sawa. Sasa mtu akimwaga vikapu vitupu njiani, nitadhani soko zima limepita. Hiki kisigino kimemwaga vikapu."

"Kwa hivyo hiyo ishirini na moja ni ya chupa," mama mkwe akasema. "Si ya mtoto yangu."

"Ni ya chupa, mama."

Ilibidi tungoje aidini itoke mwilini. Alinibadilishia dawa ya kidonda, akanikataza kila kitu chenye aidini, hata dawa ya kikohozi nisinywe bila kumwuliza. Nikamwomba anipe vidonge vya tezi iliyochoka palepale. Alikataa kwa upole. Alisema vidonge hivyo mtu huvinywa maisha yake yote, na hatampa mtu kitu cha maisha kwa kubahatisha. Mahindi ya mama yangu yalikuwa yamefika magotini. Daktari akasema yakikauka, turudi.

Kipindi kile kilikuwa kigumu kuliko vyote. Nilivimba zaidi. Kuna siku mtoto aliniita nikashindwa kugeuza kichwa upesi, akaenda kwa nyanya yake. Lakini moyoni nilikuwa nimetulia kwa namna ambayo sikuwa nayo Kegonga. Nilikuwa nimemwambia daktari kwamba mimi si yule mtu, na daktari alikuwa amekubali. Tangu niugue, ilikuwa mara ya kwanza neno langu juu ya mwili wangu kushinda la mtu mwingine.

Mahindi yalipokauka, tulirudi. Daktari akavuta damu, kisha akamtazama mama mkwe na shanga zake. Akamwomba akubali damu yake ipimwe pia. Mama mkwe akamwuliza kwa nini, yeye hana ugonjwa, analima. Daktari akasema hiyo ndiyo sababu anataka kujua. Mama mkwe akatoa mkono akitazama ukutani.

Majibu yalipofika, daktari hakungoja tuitwe. Alitoka mwenyewe hadi kwenye benchi tulipokaa na watu wengine.

"Mbili," akaniambia.

"Mbili ni nzuri au mbaya?"

"Kwa tezi ni mbaya. Kwetu sisi ni nzuri sana, kwa sababu sasa tunajua. Mama, hukuwa mvivu hata siku moja. Ulikuwa huna moto ndani."

Nililia pale benchini, na sauti yangu nene ikatoka kama ya mzee wa kiume. Watu wakageuka, sikujali. Mama mkwe akanishika bega akauliza habari ya damu yake.

"Tano na nusu," daktari akasema. "Katikati kabisa. Shingo yako imekua ili itengeneze ya kutosha, na inatosha. Ukianza kushindwa kumeza au kupumua, njoo haraka. La sivyo, uko sawa."

Mama mkwe akafikiri. "Mimi niko na shingo kubwa na damu mzuri. Yeye iko na shingo mzuri na damu kidogo."

"Hivyo hasa. Shingo haituambii yaliyo ndani ya damu."

Alinianzishia vidonge vidogo vyeupe, kwanza nusu, ili moyo usishtuke. Akanionya juu ya siku nitakayojisikia nimepona. Siku hiyo, alisema, ndiyo watu wengi huacha dawa, na polepole baridi hurudi.

Kilichorudi kwanza ni miguu. Niliamka Kosele asubuhi moja nikakuta vidole vya miguu vina joto, nikavishika kwa mikono miwili kama vya mtoto mchanga. Uso ukashuka, macho yakafunguka. Nikaanza kumaliza sentensi zangu. Siku nilipomfokea mama yangu kwa kuunguza maharagwe, yeye na mama mkwe walitazamana wakacheka hadi wakakaa chini. Mume wangu alipotupokea stendi ya Migori alinipita akiangalia nyuma yangu, akinitafuta. Nilimwita jina lake, na sauti ilikuwa ya mkewe.

Msimu wa kulima ulipofika nilikuwa nimepimwa mara ya tatu. Jibu lilikuwa sita na nusu. Nilijua maana yake kabla daktari hajaieleza, nikamweleza mimi, naye akanisikiliza akiitikia kwa kichwa kwa furaha.

Kule Kegonga wanawake hulima kwa zamu, kundi zima shambani kwa mmoja, kesho kwa mwingine. Walikuwa wamezoea kuniweka mwisho wa mstari, nisicheleweshe wengine. Siku ya kwanza ya msimu huo, walipopanga mstari, mama mkwe akanivuta akaniweka wa kwanza, mahali pa anayeongoza mwendo. Jirani mmoja aliyewahi kuniita mvivu alikuwa pembeni yangu. Niliinua jembe, likashuka, likainuka tena kabla sijalifikiria. Udongo ulikuwa na unyevu. Nilitoka jasho, na kila tone lilinipa raha, kwa sababu kwa muda mrefu sikuwa nimetoka jasho. Tulipofika mwisho wa shamba niligeuka, nikaona mstari mzima uko nyuma yangu, umejikunja kama upinde, wanawake wameegemea mipini wakihema.

"Ngoja basi," yule jirani akasema. "Unatuua."

Mama mkwe alikuwa chini ya kivuli na mjukuu wake. Hakuniambia ningoje.