Chaguo la Kwanza la Mwaka wa Hamsini na Nne

Marehemu baba yangu, Mohdhar, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa fundi cherehani wa Garsen. Alizaliwa Kipini, akahamia Garsen akiwa kijana, na mpaka anakufa watu walimwita Mkipini. Kanzu zake zilisifiwa, lakini watu walimjua zaidi kwa mpira. Si kwamba aliucheza vizuri. Kazi yake ilikuwa kuchagua.

Mpira wa kwetu una desturi yake. Kila kiangazi Waorma wanaposhuka na ng'ombe kufuata majani ya mtoni, vijana wote hukusanyika uwanja wa Minjila: Waorma, Wapokomo, na sisi wa asili ya Kipini. Watu wazima wawili huchagua kwa zamu, huyu mmoja, yule mmoja, mpaka timu mbili zitimie. Aliyeshindwa mwaka uliopita ndiye anayeanza. Ilipangwa hivyo ili isiwepo timu ya kabila moja, maana ugomvi wa mashamba na malisho unatutosha. Baba alichagulia Garsen. Aliyechagulia Idsowe, kijiji cha ng'ambo ya mto, alikuwa James, mkulima wa Kipokomo, Mkristo, mtani wake mkubwa. Mechi yenyewe huchezwa Idd mosi.

Mwaka wa hamsini na nne zamu ya kuanza ilikuwa ya baba, akamchukua Kuno, kijana wa Kiorma, mrefu, mpole. Wengi walitarajia amchukue Dida, kijana aliyevuma zaidi; huyo James akamchukua. Baba hakusita hata kidogo.

Zamani Idd iliangukia wakati ng'ombe wanashuka mtoni. Lakini Idd hufuata mwezi, na kila mwaka inarudi nyuma kidogo, hata mwaka ule ikaingia ndani ya masika, mto umefurika. Masika Waorma hawakai kwetu. Hupeleka ng'ombe nyika, mbali na mbu na mbung'o. James aliliona hilo, akashauri mechi isogezwe mbele.

"Mechi ya Idd ni ya Idd," baba akamjibu. "Mimi nimewahi kukusogezea Krismasi yako?"

Akaenda kwa baba yake Kuno, akaomba kijana aachwe. Mzee akakubali. Ng'ombe wakaondoka, Kuno akabaki nyumbani kwetu. Sisi wa mtoni homa ya masika tumekua nayo. Kuno hakuwa amelala masika hata moja kando ya mto. Homa ilimshika Idd ikikaribia. Alicheza nayo, kwa sababu alikuwa chaguo la kwanza na aliona haya kusema. Hakuimaliza mechi, na homa ile ikamuua. Tulimzika Garsen, na watu wake wakapata habari wakati kaburi limeshaota majani.

Baba aliendelea kuchagua, lakini tangu hapo hakumchagua Mworma ambaye watu wake wangekuwa nyika siku ya Idd.

Mwaka jana alipoanza kuvimba miguu, James alikuwa akivuka mto kuja kumtazama. Mazungumzo yao yalikuwa yale yale, kuwapima vijana waliowachagua zamani.

"Kalla ulimchukulia nini?" James alimuuliza siku moja. "Miguu mirefu, akili hana."

"Na wewe Sora wako? Siku hizi akipita, tumbo linatangulia."

"Sora alinifungia mabao, Bwana Mohdhar. Tumbo ni la ndoa."

Wakacheka, baba akakohoa mpaka mama yangu, Mwanatumu, akaja kumwinua. James akaendelea, "Lakini Dida ndiye niliyepatia. Sasa anacheza Mombasa. Na nisingempata kama wewe usinge—"

Baba akageukia ukuta. Kila mara walipofika mwaka ule waliruka jina moja.

James alipoondoka baba aliniita. "Faki, yaliyo baina yangu na Mungu nayaacha kwa Mungu, Yeye ni mwingi wa rehema. Lakini hili ni haki ya mja. Hilo Mungu amemwachia mwenye haki yake asamehe. Yule kijana alikuwa na mama."

Nilimjua. Aliitwa Qabale. Mumewe alikuwa ameshafariki. Tangu msiba, kila kiangazi alishuka Minjila na watu wake, lakini Garsen hakutia mguu, na baba hakuwahi kupata ujasiri wa kumwendea. Sasa miguu ilikuwa imekataa. Nikaenda mimi kumwita, nikidhani atanifukuza. Alinitazama tu, akamaliza kukamua, akafunga shuka, akanifuata.

Mama alimtandikia mkeka karibu na kitanda. Baba akamwomba radhi mara moja, bila kuzunguka. Kiswahili cha Qabale ni cha kuokoteza, akakisema polepole.

"Mume yangu alikubali. Mimi hapana ulizwa."

"Kweli, Mama Kuno. Nilikosa hapo pia."

"Hapa kwenu alikula nini?"

Mama yangu ndiye aliyejibu. "Wali na samaki. Samaki hakuweza. Nilikuwa nikimtafutia maziwa kwa jirani."

Qabale akatikisa kichwa kwa kumshukuru. Kisha akamgeukia baba. "Mimi hapana ona yeye kucheza. Hata siku moja. Siku ile alicheza vizuri?"

Niliomba moyoni baba aseme ndiyo. Nilikuwepo uwanjani, nilimwona Kuno akiukosa mpira uliokuwa miguuni pake, na watu wa Garsen wakimzomea. Baba alishika tasbihi bila kuivuta.

"Alicheza vibaya," akasema. "Alikuwa mgonjwa, na mimi sikutaka kuona. Watu walimzomea. Nilimtoa. Lakini kiangazi, alipokuwa mzima, sijaona mfano wake, si Dida, si mwingine. Sikukosea kumchagua. Nilikosea kumbakisha."

Qabale alijifunika uso kwa ushungi. Alipojifunua, macho yalikuwa makavu.

"Wewe iko sema kweli," alisema. "Lakini leo mimi siwezi. Nikisema nimesamehe, mdomo itasema peke yake. Kiangazi nikirudi, niulize tena."

"Nikiwa hai, Mama Kuno."

"Mungu akipenda."

Mvua za masika zilipoanza ng'ombe walipanda nyika, naye akaenda nao. Baba alikuwa akiuliza mto umefika wapi, kwa sababu mto ukishuka ng'ombe hurudi. Haukuwa umeshuka alipofariki. James alikuja kwa mtumbwi, akasimama nyuma ya safu tulipomsalia, kofia mkononi. Tulimzika karibu na Kuno. Mwenyewe aliusia hivyo.

Huu ni mwezi wa saba. Maji yamepungua, na jana kutoka upande wa Minjila lilionekana vumbi la ng'ombe wa kwanza. Mama ameosha kibuyu cha maziwa. Kesho, inshallah, nitakwenda kumtafuta Qabale nimuulize tena kwa niaba ya marehemu. Hata nikijibiwa kama alivyojibiwa yeye, nitarudi kiangazi kinachofuata. Enyi mnaosoma haya, mwombeeni Mohdhar, na mwombeeni Kuno.