Hindi Moja la Hubert Sugden

Hubert Sugden alikuwa na kucha za buluu mpaka anaingia kaburini. Maisha yake yote alifanya kazi kwenye kiwanda cha kutia rangi sufu kule bondeni, na siku aliyostaafu walimpa saa ya ukutani na kumpeleka nyumbani, lakini ile rangi haikustaafu. Ukimkuta amechuchumaa kwenye vitunguu vyake, ulianza kuona kucha, ukafuatia kofia, mwisho ndiyo mtu mwenyewe. Mimi nilikuwa jirani yake wa bustani. Kipande changu nilikirithi kwa baba, chake kilikuwa juu kidogo, na katikati tuliachiwa kinjia ambacho watu wawili wakipishana lazima mmoja ajibanze. Hapo ndipo tuliposimama kubishana, mvua ikitunyeshea.

Bustani zetu ziko ubavuni mwa kilima, juu ya Halifax, kaskazini mwa Uingereza, na upepo wa pale hauna adabu. Kinachostahimili ni viazi, kabichi, vitunguu, na liki, zile ndugu za vitunguu zenye majani marefu, ambazo wanaume wa kwetu wanazilea kuliko walivyolea watoto wao. Mtu mwenye akili timamu hapandi mahindi pale. Hubert alipanda kila mwaka, na wa kulaumiwa ni mkewe Ivy pamoja na kiangazi cha sabini na sita.

Kiangazi kile kila mtu wa rika langu anacho kichwani. Nyasi ziliungua, bwawa likakauka tukaona mawe ya daraja la zamani, na watu wazima wakaenda kazini na fulana. Ivy alikuwa na dada yake Kanada, aliyewaletea punje za mahindi matamu kwenye bahasha. Hubert akazifukia kwa kumridhisha mke tu. Zikaota, zikapanda juu, zikabeba. Na Ivy, ambaye siku zote alisema bustani ni mahali wanaume wanapokimbilia ili wasioshe vyombo, akapanda kilima siku hiyo na sufuria, jiko la mafuta ya taa, na siagi ndani ya kitambaa kibichi. Dada yake alikuwa amemweleza kwamba hindi tamu halichumwi kabla maji hayajachemka, kwa sababu utamu wake unaanza kuondoka papo hapo. Basi akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akilinda sufuria, na maji yalipotokota akaita, "Hubert, sasa!" Mtu ambaye hakuwahi kukimbilia hata basi alikimbia siku ile, huku anamenya.

Mimi nikaitwa kutoka kwenye kinjia nipewe langu. Binti yao Hazel alikuwepo pia, amekuja likizo kutoka kusini alikoolewa. Siagi ilitiririka mpaka viwikoni. Ndevu za hindi zilinasa kwenye meno ya bandia ya Hubert, Ivy akacheka mpaka akashika mbavu. Nimekula vitu vingi baada ya hapo, hata vya hotelini, lakini utamu wa hindi lile sijaupata tena, na sidanganyi nikisema bado ninautamani.

Baada ya mwaka ule hali ya hewa ilirudi kuwa ya kwetu. Kila mwaka Hubert alipanda, na kila mwaka mihindi ilisimama kwenye baridi imejikunyata, ikaishia kutoa magunzi yenye punje mbili tatu. Arnold Pickles, bingwa wetu wa liki, alikuwa akisimama kwenye kinjia kumuuliza kama hayo matete atafumia vikapu au ataezekea kibanda. Hubert hakujali. Kila Septemba Ivy alipanda kilima na sufuria yake, wakachemsha kilichopatikana, na kisipopatikana wakachemsha viazi, wakakaa juu ya ndoo zao wanatazama bonde. Nilikuwa nawaona nikiwa kwangu. Sikuwaonea huruma hata kidogo, niliwaonea wivu.

Ivy alifariki mwishoni mwa mwaka themanini na nne. Baridi ile ile, Hubert akateleza kwenye barafu nje ya mlango wa nyuma, akalala pale mpaka muuza maziwa alipomkuta. Hazel akaja mbio kutoka Bournemouth, kule kusini. Alikuwa na nyumba kubwa kule, chumba cha chini kisicho na ngazi, bahari iko mbele ya dirisha, na hakuwa na nia mbaya yoyote. Alikuwa anaogopa simu tu, ile simu ya asubuhi ambayo kila mtoto aliye mbali na wazazi anaiogopa.

Wakati wa Pasaka alikuja kumchukua akaishi naye. Alimkuta bustanini, amepiga magoti, anatia punje za mahindi kwenye vikopo vya mtindi. Niliyasikia yote, maana nilikuwa upande wangu nang'oa magugu ambayo hayakuwepo.

"Baba, unapanda kitu utakachovuna lini?" Hazel akamuuliza. "Tumeshakubaliana."

"Umekubaliana wewe na mumeo," Hubert akasema. Akafukia punje nyingine. "Sikiliza. Njoo Septemba na sufuria ya mama yako. Tuchemshe hindi, ule wewe mwenyewe. Likiwa tamu kama lile la mama yako, unaniacha hapa nilipo. Lisipokuwa, nafunga virago na simsumbui mtu."

Hazel akatazama kile kilima, akatazama mawingu. Alizaliwa pale, alijua hesabu zilivyo. "Mimi ndiye nitakayesema?"

"Wewe ndiye. Ulikuwepo."

Wakapeana mikono kama wafanyabiashara wa ng'ombe.

Habari ilizunguka bustani zote kabla chai ya jioni haijaiva. Na hapo ndipo matete yalipogeuka kuwa mgonjwa wa kila mtu. Arnold, aliyekuwa hapiti bila kejeli, akaanza kuniuliza kwa sauti ya chini: yamelalaje leo? Kwa sababu bila Hubert angembishia nani kila siku? Tulikuwa tumekaa na mtu yule juu ya kilima mpaka tukadhani ni sehemu ya kilima.

Kiangazi hakikuja. Juni ilinyesha, Julai ilinyesha zaidi, na tulivaa makoti kuchuma maharage. Konokono walinenepa. Hubert aliizungushia mihindi yake madirisha ya zamani, akaikinga na upepo kwa pazia la sebuleni kwake, lenye maua, ambalo Ivy alilishona. Ikawa hai, basi. Ilifika magotini wakati ilitakiwa iwe mabegani.

Sasa kwetu kuna jambo ambalo halijaandikwa popote, na halivunjwi. Huweki mguu kwenye kipande cha mwenzio kama hujaitwa. Unasimama kwenye kinjia, unasema unachosema, unaondoka. Kwa hiyo nilipoangalia dirishani mwa kibanda changu mchana mmoja, Hubert ameenda kula, nikamwona Arnold Pickles yuko katikati ya mihindi na ndoo, nilidhani macho yananidanganya. Ilikuwa ile dawa ya liki zake, iliyokaa kwenye pipa lenye kufuli, ambayo hata mkewe hakujua ina nini. Watu walishaitongoza siri ile kwa bia bila mafanikio. Akaimimina yote kwenye mizizi, akafuta nyayo zake kwa reki, akaondoka akipiga mluzi.

Kesho yake, saa ile ile ya chakula, akaja Leonard Greenwood, aliyekuwa akifanya kazi posta. Naye ana liki zake na dawa yake, samadi ya kondoo iliyolowekwa na masizi ya dohani. Akamimina, akafuta nyayo, akaenda zake. Na hawa mabwana hawakujuana. Kila mmoja alidhani kwamba ni yeye peke yake mwenye moyo. Waliendelea hivyo wiki hadi wiki, na mihindi ikashiba kama watoto wa arusini. Ikarefuka ghafla, ikawa na majani meusi kwa ukijani, manene, mazuri mno, mpaka nami nikaanza kuamini. Halafu kingo za majani zikaungua. Mbelewele zilitoka zimechelewa, mvua ikazikuta, unga wake ukaganda juu badala ya kuangukia ndevu za mahindi. Mmea uliopewa chakula cha liki umefanya kazi ya liki, umekua majani.

Niliwakamata wote wawili getini, nikawaambia walichofanya. Nilikasirika kweli, nikawaita majina ambayo mama yangu asingependa. Arnold akamgeukia Leonard, Leonard akamgeukia Arnold, wakatazamana kama watu waliokutana kwenye dirisha moja la kuibia. Kisha Arnold akakaa juu ya ukuta, mtu mzima yule, akasema alikuwa anataka tu kusaidia. Wote tulitaka.

Jioni moja Hubert alipita kwa Arnold, akasimama kwenye kinjia kama desturi, akamwambia liki zake mwaka huu zinaonekana zina njaa. Arnold akawa mwekundu mpaka shingoni. Alikuwa na pua, Hubert, dawa ile alishainusa. Kazi ya kiwandani haikuiharibu.

Hazel akaja Septemba, Jumamosi, na sufuria ya mama yake. Gari aliliacha getini. Hindi lilikuwa moja. Mengine yote tulishayapapasa kwa macho kutoka kwenye kinjia na kuona hayana kitu ndani. Hili moja lilikuwa nyuma ya pazia la maua, lina unene kidogo, ndevu zake zimegeuka kahawia.

Hubert akawasha jiko. Hazel akakaa juu ya ndoo ya mama yake. Sisi tukajipanga kwenye kinjia, mimi, Arnold, Leonard, kila mtu akijifanya ana shughuli. Arnold alikuwa amevua kofia bila kujijua. Maji yalikawia sana kuchemka, au mimi ndiye niliyeona hivyo. Yalipotokota, Hazel akasema polepole, "Baba, sasa."

Hakuweza kukimbia, alikuwa na fimbo. Akaenda, akalivunja, akarudi anamenya, maganda yanaanguka nyuma yake. Upande mmoja ulikuwa na punje, upande wa pili mapengo matupu. Akalichemsha, akalikata katikati kwa kisu cha bustani, akampa Hazel nusu iliyo afadhali, akapaka siagi zote mbili. Wakala. Hubert alitafuna akitazama bonde. Hazel alitafuna akimtazama yeye. Mvua ikaanza, manyunyu, na hakuna aliyesogea.

"Ni lile lile," Hazel akasema. "Lile la mama."

Hubert hakugeuka. "Una uhakika?"

"Nilikuwepo, Baba."

Akaitikia kwa kichwa. Akafuta mikono kwenye suruali, akainuka, akatuambia tuliokuwa kwenye kinjia tuache kulowana kama kondoo, tuingie, chai ipo. Ndivyo Arnold na Leonard walivyokanyaga kipande cha Hubert Sugden kwa mara ya kwanza kwa kualikwa, nami pamoja nao, na Arnold akapangusa viatu kabla ya kuingia kibandani.

Alibaki nasi miaka mingine tisa. Kila siku muuza maziwa aligonga mlango, na kila Jumapili Hazel alipiga simu. Mahindi alipanda, na hakupata hata moja la maana. Siku hizi yapo dukani mwaka mzima, yamemenywa, yamefungwa kwenye karatasi la plastiki, na vijana waliochukua vipande vyetu wanapanda hadi pilipili. Mimi nayapita tu. Utamu ulishaondoka zamani, kwenye lori.

Tulipomzika, Hazel nami tulibaki kwenye ukumbi wa kanisa tukikusanya vikombe. Nikamuuliza kile ambacho kilinikaa kooni miaka yote ile, hindi lile lilikuwaje hasa.

"Halikuwa na ladha yoyote, Nora," akasema. "Gumu, la majimaji. Ukitafuna sana ndipo unasikia siagi."

"Na yeye? Alijua?"

"Si alikula upande wake? Alijua kabla yangu." Akavipanga vikombe, kimoja ndani ya kingine, polepole. "Nilikuja na masanduku mawili matupu kwenye gari siku ile. Kisha nikamwona anavyolimenya, na zile kucha zake za buluu."