Dhamana ya Ng'ombe Sita

Mma Boitshepo, msimamizi wa mabadilishano ya wanafunzi katika chuo kimoja cha Serowe, amezeeka akibishana na wafadhili wa Ulaya. Safari hii walitaka kila mzazi wa Botswana aweke dhamana ya thamani ya ng'ombe sita, mwanawe asije akatorokea huko Ulaya. Watoto wa maskini wangebaki nyumbani.

"Wetu wote walirudi, rra, bwana wangu," alimwambia mjumbe wao, Henrik, akimmiminia chai. "Aliyegoma kurudi ni Lars, mwanafunzi wenu mliyemleta kwetu. Yuko hapa hapa Botswana, Maun, anafuga mbuzi, na simu za mama yake hapokei. Basi nanyi leteni ng'ombe sita kwa kila mtoto. Zizi ninalo."

"Wazazi wa kwetu hawatakubali."

"Ala, kumbe na kwenu kuna wazazi."

Henrik akakifuta kile kipengele cha dhamana kwenye mkataba, chai ingali moto.